Maua Aliyoyafunga Prisca

"Ungeniambia tu kwamba umelala," Angetile alisema. "Ningekasirika siku moja, nikamaliza. Lakini wewe ulikuwa unanipigia simu kila jioni kunisimulia maua."

Alikuwa amesimama barazani kwa Prisca na sufuria mkononi, kifuniko amekiacha nyumbani makusudi, ili kila mwenye macho aone. Ndani kulikuwa na boga la kuchemsha. Boga gani lile. Limelegea ndani ya maji yake lenyewe kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Prisca alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta. Akasema boga ni boga, mvua za mwaka huu zimezidi, nani asiyejua kwamba maboga ya kila mtu yamelowa. Maneno yote hayo aliuambia ungo.

"Sawa, mvua," Angetile akasema. "Na mvua hiyo hiyo ndiyo iliyofunga kamba kwenye vikonyo vya maboga yaliyokwisha kukua?"

Ungo ukasimama.

Mimi nilikuwapo kwa sababu Angetile alinipitia njiani akaniambia, wifi, vaa kanga twende, nataka mtu wa kusikia. Ni mke wa marehemu kaka yangu. Ukiambiwa juujuu kwamba wanawake wawili wazima wa Ipyana, hapa Kyela, waliacha kutembeleana kwa sababu ya boga, utacheka. Kwa hiyo nitaanza na boga lenyewe, ukitaka kucheka ucheke ukishajua unachokicheka.

Angetile alizaliwa Katumba Songwe, ambako ukitema mate vibaya yanaangukia Malawi. Alipoolewa kwetu hakuja na vyombo vya maana. Masufuria yake tuliyasema mwaka mzima, na mimi nilikuwa wa kwanza kuyasema. Alichokuja nacho ni mbegu za boga za mama yake, zimepakwa majivu, zimefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Mama yangu, mkwe wake, alizitazama akasema hata panya wa huku wanazo. Hakuwa anajua anachosema, Mungu amrehemu.

Boga la kina Angetile halikuwa zuri kwa macho. La kijivu, lina mabonde, ganda gumu mpaka ulipige panga kama unapasua kuni. Lakini nyama yake ilikuwa kavu, ukila bila chai linakukaba. Na lilikuwa linakaa. Hilo ndilo neno. Maboga mengine ukiyavuna mwezi wa tisa, Krismasi yameshaanza kunuka. Lile analipanga kwenye kichanja juu ya mafiga, moshi unalipata, na mwezi wa tatu bado unaligonga linajibu. Anayeishi Kyela anajua mwezi wa tatu ni nini. Maji kila mahali, mpunga mashambani bado kijani, wa ghalani umekwisha, na ndizi ulizokuwa unazitegemea upepo umeziangusha changa. Huo ndio mwezi ambao watu wanatembeleana na bakuli tupu ndani ya kanga. Kaka yangu alipokufa, watoto wote wakiwa wadogo, sisi ukoo tulisema sana msibani kwamba hatutamwacha mjane. Tulisema. Yaliyowalisha watoto wale masika yale na yaliyofuata ni maboga ya kichanjani. Angetile hakuwahi kuja kwangu na bakuli, na mimi ndiye niliyewahi kwenda kwake.

Kulima alikuwa analima nyuma ya nyumba tu, pale kati ya jiko na migomba. Mvua zikipungua anachimba mashimo, anajaza samadi na maganda ya kakao yaliyooza, anaweka mbegu, zikiota anang'oa dhaifu bila huruma. Majani ya mboga anachuma, lakini si kwenye shina la mbegu. Alikuwa anasema mzazi havuliwi nguo.

Shida ilianza na jirani yetu Anangisye. Simlaumu, mwanaume alikuwa anatafuta riziki. Alinunua mbegu za pakiti, maboga makubwa ya rangi ya chungwa yanayokua upesi, kwa ajili ya wachuuzi wanaokuja na malori. Akayapanda upande wa pili wa ua. Nyuki hawaulizi ua ni wa nani. Wanatoka kwa Anangisye na vumbi la maua miguuni, wanaingia kwa Angetile. Boga la mwaka huo linabaki vilevile, huoni kitu, bali mbegu ndani yake imeshachanganyika, na ubaya wake unauona mwaka unaofuata. Angetile alipoona mashina mawili matatu yamezaa maboga mepesi yenye michirizi, alielewa. Alikuwa amewahi kufanya kibarua kwenye shamba la vanila, na vanila kule inachavushwa kwa mkono, ua baada ya ua. Akasema kama mwanamke anaweza kuliozesha ua la vanila kwa kijiti, la boga lililo kubwa kama kikombe litamshindaje?

Ikawa kila jioni ya msimu wa maua anazunguka ameinama. Ua jike analijua kwa kijiboga kidogo chini yake. Akiona kesho litafungua, analifunga mdomo kwa kamba ya mgomba, na ua dume analifunga vilevile. Alfajiri, kabla ya nyuki, anachuma dume, anachana petali zake, analipaka ndani ya jike, kisha analifunga jike tena. Na kwenye kikonyo anazungusha kamba nyingine, iwe alama. Boga lenye kamba ni la mbegu, lisilo na kamba ni la kula. Kikonyo kikinenepa, kamba inakibana na kuacha mfereji kama pete iliyobana kidole cha mtu aliyenona.

Watu walimcheka mpaka wakachoka. Wakamwita mchungaji wa maboga. Siku moja kisimani mama mmoja akamuuliza leo amefungisha ndoa ngapi. Akamjibu, "Mbili, mama, na zote za halali, siyo kama ya kwako." Kisima kizima kilikohoa.

Prisca naye alicheka, lakini alicheka akiwa ameinama naye bustanini. Huyu Prisca, Mama Gwamaka, nyumba yake na ya Angetile zinatenganishwa na migomba tu. Walikuwa wanajuana hadi mtu anavyokohoa. Alijifunza kufunga maua mwenyewe kwa kutazama, na akawa na mkono mzuri kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nayararua. Angetile alimwamini kuliko alivyotuamini sisi wa ukoo, na kwa habari ya bakuli niliyokwisha kusema, alikuwa na haki.

Basi mwaka juzi, mwezi wa saba, maua yameanza kufunguka, Asifiwe, binti yake Angetile, akapelekwa hospitali Mbeya na mimba iliyokataa kukaa vizuri. Mama mtu akafungasha usiku uleule. Kulipokucha, kabla ya kupanda gari, alipita kwa Prisca na furushi la kamba za mgomba alizokwisha kuzilainisha kwa maji. Mimi nilikuwa nimembebea begi. Alimwambia kichanja kilikuwa na mbegu za kutosha mwaka mmoja tu, na maua ya mwezi huo ndiyo yatakayoamua. Prisca akazipokea kamba kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya tukipokea kitu cha maana.

"Nenda ukamtazame mtoto, Mama Asifiwe," akasema. "Maua yako ni maua yangu."

Na kila jioni akapiga simu. Leo nimefunga mawili. Leo moja, lile la karibu na choo, ua nene hilo, linajishaua kama mke wa mwenyekiti. Leo nyuki amenikuta, tumegombana, nimemshinda. Asifiwe aliniambia baadaye kwamba siku mbaya kuliko zote, alipotoka kupasuliwa na mtoto akiwa bado kwenye mashine, mama yake alikuwa amekaa chini ukutani hajala, simu ikaita, akasikiliza habari za maua akacheka mpaka nesi akaja kumnyamazisha. Baada ya hapo akaomba uji. Hivyo ndivyo simu zile zilivyokuwa.

Aliporudi, mtoto mzima, Asifiwe mzima, alikwenda bustanini kabla hata ya kuvua viatu. Kamba zilikuwapo, moja moja kwenye vikonyo, zimefungwa vizuri kabisa. Alimshukuru Prisca, ndaga fijo, ndaga fijo, mpaka ikawa kero, akampa kitenge alichonunua Mbeya ambacho mimi nilidhani ni changu.

Vikonyo havikuwa na mfereji. Hilo alikuja kuniambia siku tuliyokuwa tunatembea kwenda kwa Prisca na ile sufuria. "Niliona, wifi. Niliona kikonyo ni laini, kamba imekaa juu tu. Nikasema mwenzangu ana mkono mwepesi, amefunga kwa kulegeza, asiumize. Nikampa na sifa."

Sasa sikiliza jambo la mbegu. Mama yake Angetile alimwachia mwiko mmoja: siku ya kuweka mbegu mpya, za zamani zinakaangwa na kuliwa zote. Mbegu ya zamani hailali nyumba moja na mpya. Ukiwa na zote mbili, mwanamke mwaminifu utachanganya kwa kusahau, na mvivu atapanda zilizochakaa kwa kukwepa kazi. Kwa hiyo wanaita majirani, wanakaanga na chumvi, wanakula, basi, umefunga njia ya kurudi. Kwao ni siku ya furaha kama kuonja mpunga mpya.

Angetile alipasua maboga yenye kamba, akaosha mbegu, akazianika, akazipaka majivu. Kisha akaziteremsha za zamani kutoka kichanjani na kutuita. Nilikuwa nimekaa mkekani kati ya Angetile na Prisca. Kikaango kikapita. Prisca akachota kiganja, akapuliza, akatafuna, akasema chumvi imekolea. Kikarudi, akachota tena. Mbegu za mwisho za kweli za boga lile duniani, kwa kadiri tunavyojua, tulizila sisi siku ile tukitema maganda, na mmoja wetu alijua.

Mwaka uliofuata mashina yalitambaa vizuri mno. Anangisye mwenyewe alichungulia juu ya ua akasifu. Maboga yakatoka makubwa, mengine na michirizi ya chungwa, mengine ya mviringo laini bila bonde. Angetile aliyagonga moja moja. Aliyapanga kichanjani, na mwezi wa kwanza yakaanza kudondosha maji kwenye mafiga, tss, tss, jiko linanuka kama pombe iliyoharibika. Kufika mwezi wa pili alikuwa anayatupa kwa toroli. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Angetile aliazima unga. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa mtu wa mbali, ili asionekane.

Bado alisema ni yeye. Labda alimfundisha Prisca vibaya, labda nyuki alipenya. Ukweli aliukuta pasipo kuutafuta. Alikwenda Itungi, kule bandarini ziwani, kununua usipa, wale dagaa wadogo, na wale wanawake wanaonunua samaki boti zinapofika wakamuuliza habari za jirani yake Prisca, mbona amepotea. Mwaka juzi mwezi wa saba, usipa ulipotoka kwa wingi, hakukosa hata siku moja, alikuwa anafika kabla ya jua, hata wao wakaaji wa hapo anawapita. Walikuwa wanamsifu tu.

Ua la boga linafunguka alfajiri, na jua likipanda limeshakunja. Mtu hawezi kuwa Itungi na bustanini kwa saa ile ile. Angetile alirudi na usipa wake, akapika boga moja, akaja kunipitia.

Basi ndivyo tulivyofika pale barazani, ungo umesimama.

Prisca aliposema, alisema pole pole. Usipa ulikuwa mwingi kupita kiasi, siku kama zile hazirudi. Siku ya kwanza aliwaza atawahi kurudi. Ya pili akawaza nyuki nao wanajua kazi yao, walikuwapo kabla ya Angetile. Akaanza kusema maua kwenye simu kwa sababu Angetile alikuwa anauliza kwa sauti ya mtu anayelia, na mtu anayelia unamwambia nini. Kisha Angetile akapiga kusema kesho narudi, na jioni ile Prisca alichukua furushi la kamba akazunguka, akafunga kila boga lililomvutia macho.

"Sikutaka ubaya," akasema. "Nilijua ni maboga."

Nilidhani Angetile atamrushia sufuria. Aliiweka chini.

"Simu nakusamehe," akasema. "Zilinifaa. Usipa nao nakusamehe, una watoto. Niambie siku ya kukaanga. Nilikaa pale nakupa chumvi, wewe unakula."

"Ningesemaje mbele ya watu, Mama Asifiwe?"

"Ungesema weka kiganja kimoja. Usingeulizwa kwa nini."

Prisca akaurudia ungo, akapepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Wiki zilizofuata Angetile alitafuta. Alikwenda Katumba Songwe kwa kaka yake, akakuta bustani ya mama yake ni kakao tupu, na mke wa kaka akamwambia boga siku hizi wananunua gulioni, ya nini kujisumbua. Alivuka mpaka wa Malawi kwa shangazi yake, akapewa mbegu za boga la njano la duara, tamu kwa kweli, lakini halikai. Aliuliza kila mwanamke aliyekuwa na mazoea ya kuomba mbegu kwake miaka ya nyuma. Wote walikuwa wamezikaanga za zamani walipopokea mpya kwake, kwa kufuata mwiko wake aliowafundisha. Akarudi nyumbani, akapasua maboga yale machache yaliyofika mwezi wa tatu bila kuoza, akachagua lenye nyama kavu kidogo kuliko wenzake, akaweka mbegu zake. Aliniambia atachagua hivyo kila mwaka na huenda lile la zamani litajitokeza, na huenda asilione. Alisema kama mtu anayetaja hali ya barabara.

Kusalimiana na Prisca alisalimiana, asubuhi, kwa heshima zote, mugonile, kama unavyomsalimia mgeni wa kanisani. Ila hakuna aliyepita tena kati ya migomba ile. Nyasi zikaota kwenye kijia.

Likabaki jambo moja. Huku kwetu mwanamke halimi mpunga peke yake. Wewe unanipa siku, mimi nakupa siku. Angetile na Prisca tangu ujana hawakuwahi kulipana wakawa sawa; kila mara mmoja anadaiwa siku, na wenyewe walipenda hivyo, maana anayekudai atakuja tu kwako, hana budi. Mwezi wa kwanza, kabla ya habari za Itungi, Angetile alikuwa amempalilia Prisca siku nzima ndani ya maji, na siku ile haikuwa imelipwa.

Mpunga ulipoiva tulikuwa shambani kwa Angetile asubuhi, mimi na yeye, umande bado kwenye masuke. Nikamwona Prisca anakuja juu ya tuta, mundu ameuzungushia kanga, miguu mitupu. Alikuwa amekonda. Akasimama mwisho wa jaruba letu, hakuingia.

"Nimekuja kulipa siku yangu, Mama Asifiwe."

Angetile alikuwa ameshika konzi ya mpunga. Aliikata kwanza, akailaza.

"Siku ile nimekusamehe, Mama Gwamaka."

Kwa mtu asiyejua, lilikuwa neno jema. Prisca alilisikia sawasawa. Alifunua mundu kutoka kwenye kanga, akaushika kama anayetaka kuanza hivyo hivyo, kisha mkono ukashuka.

"Usinisamehe," akasema. "Nidai tu. Hata miaka."

"Nimeshasamehe. Huna deni kwangu. Nenda, jua halijawa kali."

Akainama, akashika konzi nyingine. Nami nikainama, kwa kukosa pa kutazama. Tulikata mstari mzima hivyo, mimi nikisikiliza kama kuna mguu unaoingia kwenye jaruba. Nilipoinuka kunyoosha mgongo, Prisca alikuwa ameshafika barabarani, anafunga mundu tena ndani ya kanga, analikaza fundo, analikaza tena.